Mguu Uliosahau Mzigo

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza imeanguka na mimi nimeanguka nayo. Ndivyo mke wangu anavyowaeleza wanaokuja kunipa pole, na kila akisema hivyo wanaziba midomo wasicheke mbele ya mgonjwa. Nilikuwa juu ya paa la karakana yangu nikiziba tundu nililoahidi kuliziba tangu kiangazi. Fundi bati mzima, masanduku na makarai yangu yamejaa mtaa huu, na paa langu mwenyewe linavuja! Matone ya kwanza yalipogusa bati likawa utelezi mtupu, na kilichofuata ni kuiona ngazi ikipita pembeni ya kichwa changu.

Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Nimefungwa plasta nyeupe kuanzia pajani hadi vidoleni, ngumu kama ukuta. Mke wangu amenipa daftari hili na kalamu akasema, "Kelele zako ziweke humo. Sisi tuna kazi."

Haya, naziweka. Kilichonishtua leo si mguu, ni mikono. Nilipoanguka niliitanguliza yote miwili, ikawa inauma, basi daktari akaipiga picha pamoja na mguu. Haikuvunjika. Alipozibandika zile picha kwenye kioo chake chenye taa, nikaona mfupa wa mkono mmoja ni mnene na wa pili mwembamba.

"Daktari," nikamwambia, "hapa mmechanganya watu. Huu wa kulia si wangu."

"Yote yako, mzee. Wewe kazi yako ni ya nyundo?"

Sikuwa nimemwambia kazi yangu. Mtu ambaye hajawahi kunitia machoni ameisoma kazi yangu ndani ya mfupa! Akasema mfupa unaogongwa na kazi kila siku, mwaka nenda mwaka rudi, huongezeka unene kwa sababu ya kugongwa huko. Nikaitikia kwa adabu tu. Bati langu nikiligonga linakuwa jembamba, na mimi nimegonga vingi kuliko yeye.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Plasta inawasha ndani, pale ambapo kidole hakifiki.

Ijumaa, 7 Machi

Dada amefika. Ni dada yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama, na mimi ndiye kitinda mimba. Amekuja kuniuguza na begi lake lilelile ambalo zipu yake ilikufa zamani, limefungwa kwa kamba. Katika ukoo wetu hakuna anayebisha habari za kuuguza mbele ya dada. Mama alipovunjika nyonga, dada alimlea kitandani miaka saba, akamlisha, akamwosha, akamgeuza, hadi mama anafariki hakuwa na kidonda hata kimoja mgongoni. Msibani watu hawakuwa wakimsifu marehemu, walikuwa wakimsifu dada.

Ameniangalia, ameiangalia plasta, akakunja mikono ya gauni lake. "Mdogo wangu, kuanzia leo mguu huu hauna kazi yoyote hapa duniani. Kazi zote ni zangu."

Mke wangu akasema, "Karibu sana, wifi," kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa jiko.

Jumapili, 9 Machi

Nimekuwa sultani. Nikikohoa, maji yanakuja. Nikitazama mlango, mlango unafungwa. Leo nimejinyoosha kuchukua miwani yangu mezani na dada amenipiga kofi la mkono. "Tulia!" Nimetulia. Raha ilioje.

Alhamisi, 20 Machi

Tumekwenda hospitali kwenye tope la kufika magotini. Daktari ameitoa ile plasta ndefu, akanifunga fupi inayoishia chini ya goti, na chini ya wayo akaweka kisigino cha mpira. Kisha akanipa magongo akasema nianze kuukanyaga, kidogo kidogo, kila siku.

Dada aliyapokea magongo. Tulipotoka getini akacheka kwa pua. "Madaktari hawauguzi. Wanapita tu kama mvua ya kiangazi. Kitu kimevunjika, halafu kikanyagwe?"

Nami, niseme kweli, nilikuwa upande wake. Mimi najua bati. Bati likikunjwa, ukalikunjua, ukalikunja tena, siku moja linakatika palepale. Kila kitu kina akiba yake ya kazi, na kila kazi inapunguza akiba hiyo. Basi mguu uliovunjika si ndio wa kuwekewa akiba? Magongo yamesimamishwa nyuma ya mlango, na dada ametundika shuka juu yake likauke.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Nimelala.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Mke wangu ameniuliza mbona sikanyagi kama nilivyoambiwa. Nikamweleza habari ya bati. Akasema, "Kwani mimi niliolewa na karai?"

Jumamosi, 5 Aprili

Shati langu la kazi limenipwaya mkono wa kulia. Nimedhani ni la mtu mwingine.

Jumanne, 15 Aprili



Leo plasta imetolewa. Yule msaidizi aliikata kwa kisumeno chake kinacholia, akaipanua kama anayefungua kitabu, na mimi nikainua shingo kuutazama mguu wangu. Haukuwepo. Palikuwa na kitu cheupe, kikavu, kina magamba, chembamba kama mpini wa mwiko. Nilikitafuta kile kigimbi nilichotembea nacho miaka yote, nikashika ngozi inayoning'inia. Nikauweka mguu wa kushoto kando yake. Mmoja wa mwanamume, mwingine wa mtoto aliyeugua. Nikapiga ukelele, naandika bila haya, watu wa korido wakachungulia.

"Umeliwa na nini wewe?" niliuuliza ule mguu. Naona hata akili ilinihama.

Kumbe kubwa lilikuwa bado. Daktari akabandika picha mpya kwenye kioo chake. Mahali pa ufa palitakiwa kuwa na uvimbe mnene wa mfupa mpya. Palikuwa na kiwingu tu.

"Mzee, ulikuwa unaukanyaga?"

Nikamtazama dada. Dada akatazama dirisha.

"Mfupa wako unaunga kivivu mno. Nakupa mwezi mmoja na siku kidogo. Usipounga, itabidi tuupasue mguu tutie chuma ndani. Na hapo sikuahidi kwamba utasimama kutwa karakana tena."

Chuma ndani ya mguu wa fundi bati! Siku nyingine ningecheka mwenyewe. Leo nilikaa kwenye kile kitanda chao cha plastiki nimepigwa na butwaa, nikifikiria mtu aliyelala bila kufanya kosa lolote, na bado mguu wake umeibwa akiwa ameulalia. Hakuna aliyeugusa. Hilo ndilo linalonizunguka kichwani: hakuna aliyeugusa.

Wamenifunga plasta nyingine, nyepesi, ya kuvua na kuvaa. Kesho kutwa hospitali itamleta mtu wa mazoezi.

Jumatano, 16 Aprili

Dada amepika, ametandika, amefua. Mvua haijakatika tangu alfajiri.

Alhamisi, 17 Aprili

Mtu wa mazoezi ni binti mdogo mwenye mabuti ya mvua na sauti ya kuamuru gwaride. Akavua mabuti mlangoni, akasema, "Shikamoo baba, shikamoo shangazi," na kabla marahaba haijanitoka vizuri akasema, "Haya baba, simama."

Nimembatiza Afande.

Ametoa mkobani mzani mdogo wa kupimia watu, akauweka sakafuni, akaniambia niuweke mguu mbovu juu yake na kuukandamiza hadi mshale ufike pale alipotia alama ya kalamu. Nilikuwa nimeshika meza kwa mikono miwili. Niliukandamiza ule mguu. Nilisubiri ule mlio. Nalijua bati linavyolia kabla ya kukatika.

"Bado," akasema Afande.

"Binti, unamuua mtu!" Dada alikuwa ameshika kizingiti cha mlango.

"Bado. Bado kidogo. Hapo! Shusha pumzi, baba."

Haukukatika. Uliuma, lakini haukukatika. Nilikaa chini nimelowa jasho. Afande akasema mara kadhaa kila siku, na wiki ijayo alama ya kalamu inapanda. Dada aliingia jikoni, tukasikia masufuria yakitupwa.

Jumamosi, 19 Aprili

Dada ameuficha mzani. Nimeukuta chini ya kitanda chake, umefunikwa na kanga, kwa sababu nimetambaa kwa makalio hadi chumbani kwake nikiutafuta. Nimeurudisha sakafuni mbele yake. Tumetazamana. Tangu nimezaliwa sijawahi kumtazama dada yangu namna ile.

"Nilivyomlea mama ndivyo ninavyokulea wewe," akasema.

"Najua, dada."

"Na hakuna aliyelalamika."

Jumanne, 22 Aprili

Mvua na upepo. Paa la karakana, mke wangu anasema, sasa linavuja mahali pawili. Nimekandamiza mzani. Dada ametoka uani kila nilipofanya hivyo, akasimama chini ya mwavuli hadi nimalize.

Jumatano, 23 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Afande alikuja akiwa amelowa chapachapa. Akapandisha alama ya mzani. Nikaanza kukandamiza, na safari hii dada hakutoka. Alikuwa na beseni la mchele anaochambua, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Akasema, "Nieleze, binti. Mimi ni mtu mzima, sielewi. Kuni ukiikanyaga inavunjika. Bati la huyu ukilikunja linachoka. Mfupa una nini hata ukandamizwe upone?"

Afande akakaa sakafuni, miguu yake ameikunja, akajibu kwa heshima kabisa. "Shangazi, kuni imekufa. Bati halijawahi kuishi. Mfupa una wakazi ndani yake, vitu vidogo vilivyo hai. Kuna wanaobomoa na kuna wanaojenga, kutwa kucha, ndani yako, ndani yangu. Wanaobomoa hawana likizo. Wanaojenga wao wanangojea waitwe, na kinachowaita ni mzigo. Ukikanyaga, mfupa unapinda kidogo sana, hata jicho halioni, na wale wanausikia. Wanajua hapa panatumika, wanaleta udongo. Usipokanyaga, hawasikii kitu. Wanabaki wabomoaji peke yao."

Nikamwambia yale ya daktari, mkono wangu mnene. Akasema, "Ndiyo hivyo, baba. Nyundo yako imekuwa ikiwaita miaka yote." Nilishtuka upya, kwa sababu sasa nilielewa. Bati nililotumia kujifunza dunia nzima lilikuwa limenidanganya. Mimi na bati hatufanani hata kidogo. Lenyewe linaisha likitumika, mimi naisha nisipotumika.

Mke wangu kutoka jikoni akasema, na Mungu ni shahidi hakuwa na nia mbaya, "Ndiyo maana wakasema, mchelea mwana kulia hulia yeye."

Mkono wa dada ukasimama juu ya mchele.

"Na mtu mzee," akasema taratibu, "mzee kweli, akilala bila kukanyaga?"

"Vivyo hivyo, shangazi. Wao hata haraka zaidi. Mifupa inapungua, misuli inapungua, pumzi inapungua. Wiki chache tu unaanza kuona."

"Na miaka saba?"

Afande ni mwepesi wa jibu, lakini hapo aliupapasa mzani kwanza. Alinitazama mimi. Mke wangu alikuwa ametoka jikoni na kitambaa mkononi, amesimama tu.

"Hospitali walituambia apumzike," dada akasema. "Nikampumzisha. Mifupa yake ilipoacha kuuma aliniomba. Kila asubuhi nikimfungulia dirisha aliniomba. 'Mwanangu, nisimamishe kidogo.' Kidogo tu, alisema. Nami nikamwambia, mama, umesimama vya kutosha katika maisha yako. Sasa wewe lala, nitasimama mimi." Akatazama beseni. "Mwaka wa pili akaacha kuomba. Nikadhani ameridhika."

Sikuwahi kuyasikia maneno hayo. Miaka yote hiyo, mimi nikija na kuondoka, sikuwahi kujua kwamba mama aliomba kusimama. Nilikumbuka nilivyombeba siku moja kumtoa kitandani ili godoro lianikwe. Alikuwa mwepesi kama ndoo tupu. Nilisema mwenyewe, uzee huu. Nikamsifu dada kwa jinsi godoro lilivyokuwa safi.

Kwa muda mfupi nilimchukia dada yangu. Naliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimchukia hadi meno yakaniuma. Kisha nikaona mikono yake juu ya mchele, ile mikono iliyochubuka kwa maji ya moto na kufua, chuki ikanitoka na sikujua cha kuweka mahali pake.

Nikamkonyeza Afande. Nikamkonyeza tena, jicho zima, sema kitu, mwambie ya mama ilikuwa tofauti! Afande aliniona, najua aliniona.

"Shangazi," akasema, "mimi sikumwona mama yenu. Nyonga ya mtu wa umri ule, wakati ule, pengine isingeunga vyovyote vile. Na hukuwa na mtu wa kukuambia. Lakini siwezi kukuambia kwamba kitanda kilimsaidia."

Nilitaka kumrushia ule mzani. Dada aliinuka, akaweka beseni mezani kwa utaratibu, hata punje haikumwagika. Akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli. Tulimwona dirishani amesimama katikati ya ua, mikono imening'inia, amelowa. Mke wangu alitaka kumfuata, akafika mlangoni akarudi. Hakuna aliyejua la kufanya. Mimi, mwenye mguu mmoja na nusu, nilikuwa nimeshika meza, na mguu wangu ulikuwa bado juu ya mzani, unakandamiza.

Alhamisi, 24 Aprili

Hajatoka chumbani. Chai imerudi ikiwa imejaa.

Ijumaa, 25 Aprili

Hajatoka. Mke wangu ameketi mlangoni kwake nusu ya siku akishona vifungo ambavyo havikuwa vimekatika. Nimemsikia akisema, "Wifi, mama yenu ulimpenda. Watu wangapi wanaachwa?" Mvua ya manyunyu.

Jumapili, 27 Aprili

Ametoka!

Nimeamka nikangoja beseni la maji ya kunawa kama kawaida. Halikuja. Nikakohoa. Halikuja. Nikaita, "Dada!"

"Maji yako yako uani," akajibu kutoka uani.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Yako wapi?"

"Uani. Na sabuni. Na chai yako ukimaliza iko huku huku."

Nilibaki kinywa wazi. Yule aliyenipiga kofi kwa kunyoosha mkono kuchukua miwani! Mke wangu alikuwa amejiziba uso kwa mto, mabega yanamtikisika, sijui kwa kicheko au kwa kilio. Akufukuzaye hakwambii toka, nilisema, lakini nikachukua magongo nyuma ya mlango. Nilifika uani nikiwa nimemlaani kila mtu hadi jirani. Dada alikuwa amesimama kando ya beseni, macho yamevimba, mikono yote miwili ameiweka nyuma ya mgongo na kuishikanisha.

Jumanne, 29 Aprili

Nimeanguka.

Uani pana utelezi, gongo la kushoto likakimbia, nikaenda chini kwa ubavu. Sikuangukia mguu mbovu, lakini sikujua hilo bado. Nilijua tu kwamba niko chini, tope mdomoni, na kwamba yote yamekwisha. Nikaita dada kama mtoto. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu.

Hakuja.

Nikainua kichwa. Alikuwa amesimama palepale, mikono nyuma, ameishika vidole kwa vidole hadi vimekuwa vyeupe, na machozi yanashuka mashavuni bila yeye kuyafuta. Mwili wake wote ulikuwa unainama kuja kwangu na miguu yake ilikuwa imekataa.

"Umevunjika?" akauliza.

"Sijui!"

"Sogeza vidole."

Nikasogeza. Vikaenda.

"Basi nyanyuka, mdogo wangu."

"Nipe mkono!"

"Nyanyuka."

Nilimtukana. Nilimtukana dada yangu mkubwa aliyenibeba mgongoni, maneno ambayo siyaandiki hata humu. Nikageuka kwa magoti, nikashika ukingo wa karo, nikasukuma, goti likatetemeka, mguu mbovu ukachukua uzito wangu wote kwa muda wa kufumba na kufumbua, nikasimama. Tope kuanzia nywele hadi kucha. Hapo ndipo alipopiga magoti yeye, chini kwenye tope, akalia kwa sauti. Na mimi nikasimama juu yake sina hata mkono wa kumshika, magongo yako mbali.

Sasa sijui tena yupi kati yetu ndiye mgonjwa.

Ijumaa, 2 Mei

Afande amesikia habari ya kuanguka. Amenipima, amenisokota, akasema hakuna kilichoharibika. Kisha akaenda jikoni akakaa na dada muda mrefu. Sikusikia walichosema. Alipotoka aliniambia, "Baba, fanya kazi yako sasa. Ukiwa umesimama."

Jumatatu, 5 Mei

Karakana. Mvua inaingia mahali pawili, kweli. Nimesimama kwenye meza yangu, gongo moja kwapani, nikashika nyundo. Niligonga kidogo tu na mkono wa kulia ukawaka moto. Ule mkono mnene! Nao umepungua. Nikasema moyoni, haya, waiteni wajenzi.

Nimeanza sanduku. Ni la dada, badala ya lile begi la kamba. Sijamwambia.

Alhamisi, 8 Mei

Nimegonga, nimesimama, nimeumwa.

Jumapili, 11 Mei

Kigimbi kimeanza kurudi. Mke wangu anabisha, anasema ni uvimbe. Nimemwambia ashike. Ameshika akasema, "Mh! Kweli kuna mtu humu."

Jumatano, 14 Mei

Dada amekuja karakana. Ameliona sanduku halijafungwa bado, akapitisha kidole kwenye maungio. Lina mpini mmoja juu, nimeutengeneza mrefu.

"Mbona mpini mrefu hivi?"

"Wa kubebwa na wawili."

Akakaa juu ya debe. Tukasikiliza mvua. Halafu akaniuliza jambo ambalo nilikuwa naliogopa tangu siku ile. "Unanichukia?"

"Nilikuchukia. Muda mfupi tu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei ya haki. "Mimi bado," akasema. Nikagonga bati kwa sababu ndicho kitu ninachojua, naye akakaa hadi nilipomaliza upande mzima.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imepungua. Nimepanda mzani na mshale umepita alama ya Afande.

Jumanne, 20 Mei

Picha. Daktari alibandika ya Aprili na ya leo. Nilifumba macho. Nilikuwa nimeshika mkono wa mke wangu upande mmoja na wa dada upande mwingine, na nikasema moyoni, nikiona kiwingu tena nitaondoka nikitambaa.

"Fumbua, mzee."

Pale penye ufa pamefungwa donge la mfupa, kubwa, baya, limevimba kama ungio lililofanywa na mwanafunzi. Sijawahi kuona kazi mbovu iliyonipendeza vile! Daktari akasema litajilainisha lenyewe nikiendelea kutembea. Hakuna kupasua. Hakuna chuma. Mke wangu alianza kuchekacheka ovyo pale pale, daktari akamtazama kwa wasiwasi.

Dada alisogea karibu na kioo. Aliinua kidole karibu na lile donge bila kuligusa.

"Hiki kimeota ndani ya mwezi mmoja?" akauliza.

"Karibu, mama."

Akasimama pale akitazama hadi daktari akazima taa.

Jumanne, 27 Mei

Jua. Tundu moja la paa nimeliziba. La pili mke wangu amekataza nipande, amemwita fundi mwingine. Aibu hiyo siisahau.

Ijumaa, 30 Mei

Dada ameondoka leo.

Nilimpa sanduku jana. Alipakia vitu vyake polepole, na vitu vya mke wangu ambavyo mke wangu alivitumbukiza kwa nguvu, hadi likawa zito kweli. Afande alikuja kuaga. Dada akamshika mikono yote miwili akamwambia, "Usije ukaanza kudanganya watu, mwanangu." Afande, askari yule, akalia mbele ya watu.

Nikasema namsindikiza dada hadi stendi. Nilikuwa na fimbo mkono wa kushoto. Kwa wa kulia nikashika mpini wa sanduku, na dada akashika nusu nyingine ya mpini, kama nilivyoutengeneza. Tope limekauka, njia ina mabonde ya magurudumu. Tulikwenda. Nilihisi kitu, nikadhani ni mawazo yangu, kisha nikawa na hakika: alikuwa anainua upande wangu. Mkono wake ulikuwa umelivuta sanduku kwake, na mimi nilikuwa nimeshika mpini tu, sina mzigo.

"Dada."

"Nini?"

"Unajua nini."

Tukatembea kidogo. Akasimama penye kivuli cha ukuta.

"Unaumwa?" akaniuliza.

"Naumwa."

"Sana?"

"Si sana."

Akaniangalia mguu, akaniangalia uso. Kisha akafungua vidole vyake, kimoja kimoja, akauachia mpini.

Uzito wote ukanishukia kwa mkupuo. Nilishtuka hadi nikatoa sauti. Bega likavutwa, goti likayumba, mguu wa kulia ukakanyaga ardhi ukiwa na mimi na sanduku na kila kitu cha dada yangu, ukauma kuanzia wayo hadi nyonga, ukasimama.

Dada alikuwa ameshatangulia. Alikuwa anatembea mbele yangu bila kugeuka, mikono yake mitupu imening'inia pembeni, haijui iende wapi.

"Hivi ndivyo alivyokuwa anaomba," akasema, mgongo umenielekea.

Sikumuuliza nani. Nikamfuata na sanduku lake.